CT scan ya kichwa kwa mzee asiye na bima: tuanzie wapi?

Swali

Ndugu zangu, naomba mwongozo. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 67, aliteleza bafuni wiki mbili zilizopita, na tangu juzi mkono wake wa kushoto umelegea na maneno yanamtoka kwa shida. Daktari wa wilaya amempa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa kufanyiwa CT scan ya kichwa, yaani picha za ndani ya kichwa zinazopigwa kwa mionzi. Hatuna bima, na fedha za mbuzi wawili tuliouza zitaishia kwenye nauli na malazi. Je, utrasaundi haiwezi kutosha, maana ipo karibu na gharama yake ni ndogo?

Jibu la 1

Pole sana, ndugu. Ninafanya kazi katika idara ya mionzi, na kwa tatizo hili utrasaundi haitoshi, kwa sababu mawimbi yake ya sauti hayapenyi vizuri fuvu la mtu mzima. Mzee aliyeanguka anaweza kuvuja damu polepole kati ya fuvu na ubongo, dalili zikajitokeza baada ya siku kadhaa au hata wiki, na damu hiyo mara nyingi hutolewa kwa upasuaji akapona, mradi asicheleweshwe. Nakusihi msisubiri wiki nyingine.

Huna haja ya kufika Dar es Salaam. Sehemu ya mkopo ambao Tanzania ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021 wa kukabiliana na UVIKO-19 ilitumika kununua mashine za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Hata hivyo, piga simu kwanza uulize kama mashine inafanya kazi, na baada ya kipimo omba picha zenyewe pamoja na majibu, ili msilipie mara ya pili mkipewa rufaa nyingine.

Jibu la 2

Sera ya afya inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, lakini msamaha huo haumfuati mgonjwa kitandani. Ni lazima muuombe ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla ya kwenda dirisha la malipo. Chukueni barua ya mtendaji wa kijiji yenye picha ya mzee, na mhuri ugongwe nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Mama yangu alirudishwa kijijini, kilomita 70, kwa kukosa mhuri huo tu, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Jibu la 3

Mkirudi salama, fikirieni bima ya afya ya kaya; zamani kwenye CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Ulizeni mapema ni vipimo vipi vimo.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Mtendaji ameshaandika barua, na mhuri umegongwa kama mlivyoelekeza. Tunaondoka na basi la saa kumi na moja alfajiri.