Tupeane uzoefu: usiku wako wa darubini ulikuwaje?

Wakuu, salaam. Mwenye darubini, au aliyewahi kuchungulia ya mwenzake, atuletee usiku mmoja tu anaoukumbuka.

Naanza mimi. Agosti 2018, tulikuwa saba ufukweni Kaole, Bagamoyo, na darubini ya kioo cha milimita 130. Tulichagua giza, mwezi haupo. Kumbe giza ni la wavuvi wa dagaa pia! Bahari yote imejaa taa zao. Ikiwa mbalamwezi wao hupumzika na sisi hatutoki, kwa hiyo tutakutana nao kila mwezi. Tukaipa bahari mgongo, tochi tukazifunga kitambaa chekundu, tukakaa karibu nusu saa mpaka macho yakazoea.

Sayari ya Zohali ilikuwa karibu na utosi. Ukikuza mara 100 haikai: dunia inazunguka, dakika moja au mbili imeshatoka kwenye kioo, unasukuma bomba taratibu kuifuata. Mama mmoja anayekaanga samaki pale jirani akainama, akanyamaza, kisha akasema, "Mbona ina masikio kama chungu?" Nilisisimka. Galileo alipoiona mwaka 1610 alidhani ni nyota tatu zimekaribiana. Ni Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, aliyeeleza mwaka 1659 kwamba ile ni pete. Mama alikuwa anaona alichokiona Galileo, kwa jicho lake mwenyewe.

Wa Raskazone, Tanga:
Wangu ni tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa. Saa 2:30 usiku ulikuwa umemezwa wote, rangi ya shaba iliyochakaa. Watu walitoka msikitini kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi wakapanga foleni kwenye darubini, wazee mbele. Kijana mmoja akauliza kwa nini haukuzimika kabisa. Nikamwambia mwanga wa jua unapita kwenye hewa ya pembezoni mwa dunia, bluu inatawanyika njiani, wekundu ndio unaofika kule.

Wa Pangani:
Jamani, tunzeni lenzi. Pwani umande una chumvi. Nilifuta yangu kwa pindo la khanga, ikakwaruzika, bado inaniuma. Sasa naipuliza kwanza, naiacha ikauke.

Usiku wangu ni wa Januari, na mzee aliyekuwa nahodha wa majahazi. Nilimwonyesha Kilimia, lile kundi la nyota. Akaitazama, akarudi nyuma, akainua uso: "Humo ni nyingi mno, sizijui. Hizi za nje ndizo nilizokwenda nazo." Akaanza kunitajia moja moja, kwa kidole, mpaka saa 8 usiku. Darubini ikabaki imesimama peke yake.

Mleta mada:
Wa Pangani, mzee bado yupo? Giza lijalo nataka nije na daftari.

Wa Pangani:
Yupo, anakaa Bweni. Ukija kwa njia ya Saadani hata kivuko huvuki. Njoo jua halijazama, anapenda kuanza na Zuhura.