Mrejesho: mashine ndogo ya kukereza chuma

Wakuu, nilipouliza nichukue mashine ya kukereza (inazungusha chuma huku kisu kikikichonga) ya milimita 180 au ya 250, yaani kipenyo kikubwa cha kipande inachoweza kuzungusha, wengi mlisema kubwa. Sikuwasikiliza, au tuseme ngazi za nyumbani ndizo zilizokataa: ile kubwa inazidi kilo 100, hii ina kilo 40 hivi, tumeipandisha watu wawili.

Mwezi wa kwanza nilitaka kuirudisha. Kila nikikata kutenganisha kipande, kisu kinatetemeka na chuma kinapiga mayowe hadi jirani anachungulia. Nikalaumu mota. Kumbe ncha ya kisu ilikuwa chini ya kitovu cha kipande kinachozunguka, karibu milimita nzima! Nikapachika vibati chini ya kisu, nikakaza slaidi zinazobeba kisu, zilizokuwa zinacheza, nikapunguza spidi. Kimya. Aluminiamu haisumbui kabisa; chuma cha kawaida nakila kidogo kidogo, robo milimita kila mkato.

Aliyesema nitenge fedha za visu, kibano cha taya nne cha kushikia kipande na vipimio, nakuvulia kofia. Vimekaribia bei ya mashine yenyewe. Gia za plastiki bado nzima, ila za chuma nimeshaagiza.