Nina tela la mita 7, nataka nyumba ya magurudumu. Nikosoeni kabla sijakata mbao

Mtembezi
Habari za saa hizi wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa miezi mingi, leo nimeona niulize kabla sijatia mkono kwenye msumeno.

Mimi na mke wangu tumeamua kujenga nyumba ndogo ya kuvutwa. Si karavani. Nyumba hasa, yenye mlango wa mbao, jiko la mtu kusimama akapika na dari la kulalia juu. Mimi kazi yangu ni ya kompyuta, yeye anashona, kwa hiyo hakuna kinachotufunga mahali pamoja. Nia ni kuhama kila baada ya miezi miwili hivi.

Tela ninalo tayari, la mkono wa pili, ekseli mbili, sakafu mita 7 kwa 2.4. Kibao kinasema jumla isizidi kilo 3,500. Aliyeniuzia anasema tupu lina kilo 750, kwa hiyo nimebakiwa na kilo 2,750 za kujinafasi. Mchoro nimeshamaliza: kuta za mbao, plaiwudi ya milimita 12 nje na ndani, madirisha manane makubwa ya vioo viwili viwili, vigae bafuni (hilo mke wangu hataki mjadala), tangi la maji la lita 300 nyuma kabisa chini ya kabati, mtungi wa gesi chini ya sinki na hita ndogo ya gesi ya kupasha chumba usiku.

Swali langu kubwa ni fremu: mbao au chuma? Na kama kuna nilichosahau, semeni tu, msinionee haya.

Fundi_Kulehemu
Mkuu, hongera kwa kuuliza mapema, wengi huja hapa ukuta umeshasimama. Tuache fremu kwanza, twende kwenye kilo.

Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 12 ina kama kilo 20. Kuta zako ukizizungusha ni karibu mita 19, ukipanda mita 2.7 unapata shiti 17 kwa upande mmoja kabla ya kutoa madirisha. Nje na ndani ni 34, yaani kilo 680 za plaiwudi peke yake. Hujaweka mbao za fremu, sakafu wala paa. Kioo cha milimita 4 ni kilo 10 kwa mita moja ya mraba. Ukikifanya viwili ni 20. Madirisha manane ya mita mraba moja moja ni kilo 160, fremu zake hazimo. Maji lita 300 ni kilo 300, hayo hayana ujanja. Vigae na gundi yake usiniulize.

Hizo 2,750 zako nakuhakikishia zitaisha kabla hujaingiza godoro. Ndani weka ya milimita 6 au mbao nyembamba za kupachikana, hakuna anayepiga ngumi ukuta wa ndani.

Kuhusu chuma: mimi ni mchomeleaji, nitakwambia chuma. Vyuma vyepesi vya kukunjwa ni vyepesi kuliko mbao, havipindi na havina mchwa.

Msomaji_Baridi
Nakaa hapa pembeni na kikombe changu.

MamaKonokono
Fundi, chuma chako kina siri moja hujamwambia mgeni. Chuma kinapitisha baridi. Kila nguzo inakuwa mstari wa ubaridi kutoka nje mpaka ndani, na asubuhi unaona ukuta umetoka jasho penye nguzo tu, kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Ukitumia chuma lazima uvishe tabaka la kuzuia joto kwa nje ya fremu, siyo kujaza katikati tu. Sisi tulitumia mbao, gundi pamoja na skrubu kila kiungo. Misumari mitupu inalegea barabarani, nyumba inatikiswa kila ukiivuta na msumari unatoka wenyewe pole pole.

Mtembezi mdogo wangu, mimi nina swali. Wewe na mkeo mmewahi kulala kwenye nyumba ya namna hii hata siku tatu? Sisi kabla ya kujenga tulichora mchoro wote kwa chaki sakafuni, ukubwa wenyewe, tukaweka viti kuwa kuta na boksi kuwa jiko, tukaishi humo wikiendi nzima. Kufika Jumapili mchana mume wangu alikuwa ameniambia "nipishe" mara nyingi mpaka tukaacha kuhesabu, zote kati ya jiko na mlango wa bafu. Tulihamisha mlango ule. Kwenye karatasi ulikuwa unapendeza sana.

Halafu dari la kulalia: msifikirie urefu wa kulala tu, fikirieni kukaa kitako. Usiku wa homa mtu anataka kuketi. Na liwe na dirisha la mtu mzima kupenya, moto ukianzia jikoni ngazi ndiyo ya kwanza kuzibwa na moshi.

Mzee_wa_Ekseli
Tangi nyuma kabisa! Ngoja nikusimulie.

Nyumba yangu ya kwanza niliweka tangi nyuma kama wewe, maana ndiko kulikobaki nafasi. Safari ya kwanza nikajaza maji yote, najiona mjanja, nikifika sihangaiki. Barabara ya tambarare hakuna shida. Nikaanza kuteremka, mwendo kama 85, lori likanipita. Upepo wake ukalisukuma tela kidogo, likarudi, likaenda tena, kila likirudi linakwenda zaidi. Kwenye kioo cha pembeni naona dirisha la jiko kushoto, mara naliona kulia. Mguu ulitaka kukanyaga breki. Nilichofanya ni kutoa mguu kwenye mafuta, kushika usukani wima na kuminya breki ya tela peke yake kwa swichi ya mkono. Likatulia. Nilisimama pembeni nikakaa dakika ishirini sijazima hata indiketa.

Uzito ukiwa nyuma ya ekseli, mbele panakuwa pepesi, na tela lenye mbele pepesi hutikisa mkia. Marekani wanashauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iegemee pale tela linapoungana na gari. Ulaya magari mengi hayaruhusu kiasi hicho, kwa hiyo soma kibao cha gari na cha ndoano, ufuate kilicho kidogo. Tangi likae juu ya ekseli, chini kabisa, ili likijaa au likiisha mbele pasibadilike. Na safiri likiwa tupu.

Kupima ni rahisi. Nenda kwenye mizani ya malori, lifungue tela, lipime lote. Halafu lisogeze magurudumu tu yawe juu ya mizani, mguu wa mbele uwe nje. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa mbele.

Sasa niulize mimi: umesema tela, hujasema gari. Litavutwa na nini?

Mtembezi
Duh. Asanteni, nimesoma mara mbili mbili.

Mzee wa Ekseli, gari langu linaruhusiwa kuvuta kilo 2,500. Nilidhani kwa kuwa tela ni la 3,500 basi mambo yamekwisha. Nakubali nilikuwa sijayaweka hayo mawili pamoja.

MamaKonokono, dada yangu, hatujalala hata usiku mmoja. Tumeangalia video tu.

Kuku_Mgeni
Mkuu nunua karavani kuukuu uikarabati, hizi nyumba za mbao juu ya tela ni mateso ya kujitakia. Karavani ya ukubwa huo huo ina nusu ya uzito.

MamaKonokono
Kuku Mgeni hajakosea. Anayehama kila miezi miwili karavani inamfaa kweli, imeundwa kwa barabara. Nyumba ya mbao inafaa anayehama mara chache na kukaa muda mrefu. Sisi tunahama mara mbili kwa mwaka, na gari la kuvuta hatuna kabisa. Tunakodi gari kubwa na dereva wake siku hiyo, anaivuta, anatuachia, anaondoka. Gari letu ni dogo la kwenda sokoni.

Kwa hiyo jibu hilo kwanza, mnahama mara ngapi hasa? Mengine yote yanafuata hapo.

Kifua_Wazi
Naona watu wamezama kwenye kilo, mimi nina wasiwasi na ile hita.

Gesi inapoungua inatoa mvuke wa maji mwingi. Ukiongeza pumzi za watu wawili, sufuria na bafu, kwenye chumba cha mita mraba 17 kilichozibwa vizuri, maji hayo yote yanatafuta pa baridi pa kutulia. Sisi yalitulia chini ya godoro. Mwezi wa tatu mke wangu aliinua godoro kubadili shuka tukakuta kuvu nyeusi imechora ramani upande wote wa ukutani. Godoro tukalitupa. Tukaweka chaga zenye nafasi ili hewa ipite chini, na feni ya kutoa hewa jikoni inayozunguka hata wakati wa baridi. Ndiyo, inatoa na joto. Ukitaka joto bila maji, tafuta hita inayovuta hewa yake nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba.

Hilo la bomba si la kuvu tu. Hita isiyo na bomba, mmelala, madirisha yamefungwa, inaweza kuwaua wote wawili bila harufu na bila hata kuamka. Weka kengele ya kabonimonoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, karibu na mnapolala.

Na mtungi utoke chini ya sinki leo, hata kwenye mchoro. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya kama maji, inangoja cheche ya friji. Mtungi ukae nje kwenye kisanduku chenye matundu chini, kisichofungukia ndani. Kengele ya kunusa gesi nayo ifungwe chini karibu na sakafu. Nimeona watu wameining'iniza darini kama ya moshi.

Fundi_Kulehemu
Naongezea mawili matatu, maana wengine mtasoma huu uzi baadaye.

Upana na kimo vya barabarani hupimwa pale panapojitokeza zaidi, kwa hiyo ukingo wa paa, taa na mifereji vyote vimo. Nchi nyingi za Ulaya ni mita 2.55 kwa 4. Marekani majimbo mengi ni futi 8 na nusu kwa futi 13 na nusu. Ukizidi unatafuta kibali kila safari. Kimo kinahesabiwa kutoka ardhini. Sakafu ya tela ikiwa sentimita 60 juu, kwenye mita 4 umebakiwa na 3.4 za sakafu, dari na paa. Hapo ndipo kukaa kitako kwa MamaKonokono kunapopotea.

Tairi za hilo tela la mkono wa pili, angalia namba nne za mwisho ubavuni. 2317 maana yake wiki ya 23 mwaka 2017. Tairi za tela hukaa juani bila kutembea, hufa kwa uzee hata hazijawa kipara.

Vigae mweleze shemeji kwa upole. Siyo uzito tu, vinapasuka viungoni njiani.

Na kabla ya lolote, lipime tela tupu. Usimwamini muuzaji.

Mtembezi
Narudi na mrejesho wakuu.

Nimelipeleka mizani leo asubuhi likiwa tupu kabisa. Muuzaji alisema 750. Mizani imesoma 910. Kuna mtu zamani aliongeza vyuma chini na kibao hakikubadilishwa. Tairi mbili ni za 2014. Nimekaa kwenye gari nikacheka peke yangu.

Nyumbani tukachora kwa chaki kama alivyosema dada MamaKonokono. Tulidumu saa tano. Cherehani ya mke wangu haikuwa kwenye mchoro wangu hata kidogo, na yeye ndiye aliyeliona, mimi nilikuwa nahangaika na madirisha. Ile meza ya kukunja niliyoiwekea laputopu yangu imekuwa ya cherehani.

Tumekubaliana kuhama mara mbili kwa mwaka na kukodi gari la kuvuta, kwa hiyo kikomo kinarudi kuwa cha tela. 3,500 toa 910 ni 2,590. Nimefupisha nyumba iwe mita 5.8, nafasi ya mbele ibebe kisanduku cha gesi na betri za sola. Tangi ni lita 150 juu ya ekseli. Fremu ni mbao, Fundi nisamehe. Madirisha yamekuwa matano. Kwa orodha niliyoandika jana usiku, kitu kwa kitu mpaka vitasa, nafika kilo 2,210 bila nguo, vyombo na vitabu.

Vigae bado vimo. Ila leo jioni nimemkuta ameweka kipande cha plastiki ya sakafuni kwenye beseni la maji, anakikuna kwa kucha kuona kama kinabanduka. Sijasema neno.

Mzee_wa_Ekseli
Kilo 380 za nguo, vyombo na vitabu kwa watu wawili na cherehani? Pima vitabu kwanza.

Mtembezi
Nimepima, mzee. Vyangu 94. Vitambaa vyake sijaruhusiwa kuvigusa.