ATI NIBAKI NILINDE MABEGI! Huyu mtu wa safari mnamjua, msijifanye hamumjui

MtuWaKisenyi (mwanzisha uzi)

Jamani, soksi zangu bado zimeloa, matope ya Buhoma, kwenye lango la msitu wa gorila wa Bwindi, hayajakauka kwenye suruali, wala sijaoga. Naandika kwanza. Yule mtu mnamjua nyote. Jina sitaji, halina kazi. Kofia ya kijani, kila mtu kwake ni "kiongozi", na Pasaka ikinukia tu anaanza kukusanya pesa za matembezi. Huyo huyo.

AMENIAMBIA NIBAKI NILINDE MABEGI.

Mimi! Mtu mzima, baba wa watoto, niliyelipa kabla ya wote. Langoni Bwindi, saa mbili asubuhi, mvua inapiga mabati mpaka askari wa hifadhi anapaza sauti ndiyo asikike, wazungu wamekaa kwenye mabenchi wanatazama, yeye ananigeukia anacheka: "Kiongozi, wewe baki ulinde mabegi. Gorila utawaona kwenye simu zetu."

Kwenye simu zao!

Tulitoka Kampala watu wanane. Wanane kamili, kwa sababu familia moja ya gorila inatembelewa na watu wanane tu kwa siku, hawaongezi hata uwe nani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetueleza, kwa ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya harusi. Sasa tumetoka visiwa vya Ssese ziwani, tumevuka kivuko cha Luku, tumefika Nyendo pale Masaka, nani anapanda kosta na koti jipya la mvua? Shemeji yake! Nikauliza, na huyu? Nikajibiwa, "Anashukia Mbarara." Mbarara ikapita. Ntungamo ikapita. Rukungiri inapita shemeji kalala begani kwangu, anakoroma.

Na kibali cha gorila kinatoka na jina la mtu, mnalijua hilo. Hakiandikwi asubuhi langoni. Kwa hiyo alijua! Siku tunapanda meli ya kisiwani pale Nakiwogo, saa nane mchana, alijua. Tunavuka ikweta katikati ya ziwa, amenikumbatia tunapiga picha, anakula karanga zangu, alijua!

Askari akasoma majina. Langu halikusomwa. Nikadhani mvua imelimeza, nikamwomba arudie. Akarudia, tena polepole. Na ile fimbo ya kupandia mlima nilikuwa nimeshaishika, nimeshaipima urefu. Yule wa kofia akanitoa fimbo mkononi akampa shemeji. FIMBO. Ndipo akasema lile neno la mabegi.

Visiwa hata sisemi. Alitangaza visiwa 84 vya Ssese. Tumeona kimoja, Buggala, nacho nusu yake, kwa sababu mvua ya Aprili kule hainyeshi, inamwagwa. Ufukwe alioahidi tumeutazama dirishani Kalangala, michikichi imeinama, sato wa kuchoma amefika mezani anaogelea upya. Nilinyamaza. Mvua ni ya Mungu. Mabegi je, ni ya Mungu?

Wamerudi saa tisa alasiri. Shemeji amejaa matope na furaha, ananionyesha dume la mgongo wa fedha linatafuna majani, saa nzima wamelitazama, mtoto wa gorila anapanda juu ya mamaye. Halafu ananiuliza begi lake liko wapi!!

Kesho yake ratiba inasema: "Mchana, theluji ya Rwenzori." Mchana! Kilele cha Margherita, mita 5,109, watu wanakwenda wiki nzima kwa miguu, yeye kakiweka kati ya chakula na safari ya kurudi. Tumefika Kasese akafungua dirisha la kosta, akaonyesha wingu kwa kidole: "Iko hapo nyuma." Wenzangu wakacheka, wakalipiga picha lile wingu. Wao gorila wameshamwona. Mimi nina nini? Nimelinda mabegi.

Nimedai laki tatu zangu za kibali. Jibu: "Kiongozi, si ulipata hewa safi?"

Nasema hivi: huyu asipewe tena hata shilingi ya kununua chapati.

MbuziWaKatwe

Mkuu pole sana. Swali moja tu. Mabegi yalikuwa salama?

MtuWaKisenyi

Hakikupotea kitu hata kimoja, lakini hiyo siyo hoja!

MbuziWaKatwe

Basi kazi ulifanya vizuri. Mwezi wa nane nakwenda hifadhi ya Murchison na mabegi manne, nipe bei zako.

BintiNyendo

Kofia ya kijani hahahaha! Banange, bado yupo? Mwaka jana alitupeleka msitu wa Mabira "kuona nyani na ndege". Mvua ikaanza tukiwa Mukono, dereva akakataa kuingia njia ya matope, tukashinda Namawojjolo, pale wanapouza vyakula barabarani, tunakula kuku wa vijiti mpaka giza. Ndege niliyemwona ni yule kuku.

Ssebo_Mzee

Utalii wa gorila Bwindi ulianza 1993, na familia ya Mubare. Watu wamepanda na vijiti, wamebebwa kwenye machela, wamerudi wamepoteza viatu. Aliyelinda mabegi sijamsikia. Kijana, umeandika historia ya hifadhi.

MtuWaKisenyi

Mzee wangu nakuheshimu, shikamoo, lakini hujaelewa. ALINITOA FIMBO MKONONI.

MpendaMisitu256

Mbona mnamsema vibaya mtu anayejitolea? Anaamka alfajiri kwa ajili yenu. Watu hawana shukrani. Na wengine wana umri, kule ni miteremko, utelezi, huenda alimhurumia.

MtuWaKisenyi

Akaunti imefunguliwa leo asubuhi. Shemeji, nimekujua. Rudisha fimbo.

MpendaMisitu256

Fimbo ni za hifadhi, tulizirudisha pale pale langoni.

MbuziWaKatwe

"TULIZIRUDISHA." Hahaha jamani mimi naondoka, tumbo linauma.

MtotoWaKilembe

Mimi ugomvi wangu ni mwingine. Rwenzori msiitukane kwa makosa ya mtu na kofia yake. Ule mlima una mvua karibu mwaka mzima, hiyo ndiyo kazi yake, mito ya kwetu inatoka kule. Anayetaka kuuona avae gambuti, achukue mtu wa kumwongoza, aingie Nyakalengija au Kilembe, atembee siku saba, nane, kwenye tope la magotini, apite mianzi, apite yale maua makubwa marefu kuliko mtu. Na afanye haraka, barafu yenyewe inakwisha. Luigi Amedeo yule Mtaliano alipofika kileleni 1906 ilikuwa kubwa, leo imebaki vipande. Wewe umekuja Kasese na kosta, umefungua dirisha, unalalamika wingu.

MtuWaKisenyi

Mimi sikufungua dirisha! Alifungua yeye! Na silalamikii wingu, nalalamikia mabegi!

MamaWaBusia

Mwanangu, wewe uliachwa langoni penye paa. Nisikilize mimi. Wetu si huyo wa kijani, ni yule mwanamke wa miwani, na yeye mnamjua. Kapchorwa, maporomoko ya Sipi. Yako matatu, lile kubwa linakaribia mita mia. Akasema tunashuka mpaka chini, "ni karibu tu". Mvua ya Elgon imelowesha ule udongo mwekundu, nimeshuka kwa makalio kuanzia juu mpaka chini, gauni la Idi nimelitupa. Chini hakuna cha kuona, ukungu umeziba, tunasikia maji tu yananguruma. Halafu kupanda! Mama mkwe wangu alipandishwa na vijana wawili wanamsukuma, na yule mwanamke juu anapiga video. Video bado iko kwenye simu za watu.

BintiNyendo

Mama huyo wa miwani alinidai pesa ya kahawa ya Sipi ambayo sikuinywa!!

MamaWaBusia

Na mimi! Elfu kumi!

Dereva_Mstaafu

Wote mmeonewa kidogo. Nenda Kayabwe, pale barabara inapovuka ikweta, ulipie kuona maji yanazunguka kwenye beseni. Upande wa kaskazini yanakwenda hivi, kusini hivi, katikati yanashuka wima. Nimepeleka wageni pale miaka mingi. Beseni dogo namna ile halijui ikweta iko wapi! Ni yule anayemimina, anavyoelekeza mkono. Nilisema hivyo mbele ya wageni wangu, nikafukuzwa na mwenye beseni, nikakatazwa kuegesha gari.

Ssebo_Mzee

Dereva yuko sahihi. Nguvu ya dunia kuzunguka inageuza tufani, haigeuzi beseni. Lakini na wewe, kwa nini umwage kitumbua cha mwenzio?

Dereva_Mstaafu

Mzee, wageni walikuwa wangu. Na ukiondoka Kayabwe ukasimama Lukaya unapata faraja, nyama choma na gonja, ndizi ya kuchoma, kwa pesa ndogo.

BintiNyendo

Lukaya? Dereva, wewe hujala Namawojjolo.

MtuWaKisenyi

Jamani turudi kwenye hoja. Nani anajua pa kumshtaki? Laki tatu siyo karanga.

Dereva_Mstaafu

Binti, Namawojjolo wanakuuzia mapaja ya kuku aliyekwisha zeeka. Wanakimbilia gari, wanaingiza vijiti vyote dirishani kwa pamoja, unachagua ukiwa umefumba macho. Lukaya unashuka, unaonja, unakaa.

MtotoWaKilembe

Na ndizi za Lukaya zinachomwa kwa mkaa wa kweli. Hapo namuunga mkono dereva.

BintiNyendo

Mkaa wa kweli! Kasese mnajua nini kuhusu kuku? Mimi ni mtu wa Masaka, Lukaya ni mlangoni kwetu, na bado nasema gonja ya Namawojjolo inaishinda. Juzi Lukaya nimeuziwa ndizi moja elfu mbili, nje nyeusi, ndani mbichi, nikirudisha naambiwa nimeshaing'ata.

MamaWaBusia

Elfu mbili?! Upande upi wa barabara, ili nisisimame hapo?

BintiNyendo

Ukitokea Kampala, kushoto, yule mwenye aproni ya bluu. Mnamjua.