Mark II GX100: nimefunga breki kubwa mbele, sasa tairi za mbele zinajifunga mapema sana

Wa_Kihonda

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na mambo ya breki. Nina Toyota Mark II GX100, safari zangu nyingi ni Moro–Iringa, na nikishuka mteremko wa Kitonga breki za zamani zilikuwa zinachoka, zinanuka mpaka ndani ya gari, unakanyaga pedeli iko ngumu kabisa lakini gari inaenda tu. Nikaamua kuvunja kibubu nikanunua kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za pistoni nne za mtumba, zimetoka kwenye gari kubwa zaidi, na diski zake kubwa na pedi mpya kali, fundi akafunga mbele. Nyuma hatukugusa kitu.

Siku ya kwanza nilifurahi maana ukigusa tu gari inashika, ila juzi mvua imenyesha kidogo, bodaboda akakatiza mbele yangu nikakanyaga kwa nguvu, tairi za mbele zikajifunga hapo hapo, hazizunguki tena, nikawa nakata stering gari haitaki, inaenda moja kwa moja kama iko kwenye sabuni. Namshukuru Mungu yule kijana alipita salama lakini mpaka leo nikikumbuka mikono inatetemeka. Nimejaribu tena sehemu ya wazi, hata pakavu mbele zinajifunga kirahisi. Fundi anasema breki ndiyo kali hivyo, nitazoea. Kweli hii ni ya kuzoea??

spana17

Pole sana mkuu, hiyo siyo ya kuzoea. Vitu viwili, taa ya ABS (ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge) inasemaje, na tairi zako zina hali gani, usiangalie kashata (yale maua ya tairi) tu, angalia ile namba ya tarakimu nne ubavuni, ikiandikwa 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, tairi la zamani hivyo linakuwa gumu kama plastiki, kwenye maji halishiki hata kama kashata ipo. Halafu tafuta ile valvu ya kugawa presha ya kurekebisha kwa mkono ufunge kwenye paipu ya nyuma, unazungusha kidogo kidogo mpaka zikae sawa.

Mzee wa Diski

@spana17 hapo kwenye tairi na ABS uko sahihi kabisa ila hiyo valvu mdogo wangu hapana. Valvu ile kazi yake ni kupunguza presha inayokwenda nyuma, haiongezi. Huyu tatizo lake nyuma inafanya kazi kidogo mno ukilinganisha na mbele, ukimpunguzia tena nyuma unamuongezea ugonjwa. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu nimeshaona watu wanafungiwa hicho kidude kwa tatizo hili hili.

Wa_Kihonda, gari haisimamishwi na kalipa, inasimamishwa na tairi kwenye lami. Breki zako za mwanzo kama zilikuwa nzima zilikuwa na uwezo wa kufunga tairi tayari, kwa hiyo kuweka kubwa hakufupishi umbali wa kusimama kwa breki moja ya ghafla. Faida ya diski kubwa ni joto, inabeba joto jingi kabla haijachoka, kwa Kitonga au Sekenke hiyo ni faida ya kweli sikatai. Lakini mtengenezaji alipanga mbele na nyuma zifanye kazi kwa uwiano fulani, wewe umebadilisha upande mmoja wa mzani.

Hebu pima vitu hivi uniletee: kipenyo cha pistoni ya kalipa ya zamani, vipenyo vya pistoni za hii mpya, na diski zote mbili. Na kabla ya yote pandisha nyuma kwa jeki, weka stendi, gia nyutro, zuia tairi za mbele, mtu akanyage breki taratibu wewe zungusha tairi moja moja kwa mkono uone kama kweli nyuma inashika.

Wa_Kihonda

Asante sana mzee wangu kwa kuchukua muda. Taa ya ABS inawaka tangu siku ya kufunga, fundi alisema haina shida. Tairi ni za 2019. Vipimo: kalipa ya zamani pistoni moja mm 54, mpya zina pistoni ya 45 na ya 40 kila upande. Diski ya zamani 275, mpya 320. Nyuma nitaangalia kesho nikitoka kazini.

Mzee wa Diski

Twende taratibu. Kalipa ya pistoni moja inateleza kwenye pini, pistoni inasukuma pedi ya ndani na mwili wa kalipa unavuta ya nje, kwa hiyo unahesabu pistoni moja. Ya pistoni nne unahesabu za upande mmoja tu, wengi wanakosea hapa wanajumlisha zote nne wanapata namba za kutisha. Ya 54 eneo lake ni kama mm za mraba 2,290. Ya 45 na ya 40 jumla ni kama 2,847. Hapo tayari umeongeza kama robo.

Sasa diski. Pedi haibani ukingoni kabisa, chukua katikati ya pedi, tuseme mm 25 kutoka ukingoni, zamani ilikuwa inabana kwenye nusu kipenyo cha kama 112, sasa ni 135. Hiyo nayo ni asilimia 20 juu. Zidisha vyote, mguu wako ukikanyaga vile vile mbele inapata karibu mara moja na nusu, na hapo sijahesabu ukali wa hizo pedi mpya. Yaani kama mwanzo mbele ilikuwa inabeba 70 na nyuma 30, sasa ni 105 kwa 30, ambayo ni kama asilimia 78 kwa 22.

Na kwa nini mvua ndiyo ilikuumbua: ukifunga breki pakavu gari inainamia mbele, uzito unahamia tairi za mbele zinapata nguvu ya kung'ang'ania lami. Kwenye maji huwezi kusimama kwa ukali ule, kwa hiyo uzito unaohama ni mdogo, tairi za mbele hazijakandamizwa vya kutosha lakini kalipa inabana vile vile. Zinajifunga. Na tairi lililojifunga halikati kona, ndiyo maana stering ilikataa.

Kuna mtu atakuja kukwambia badilisha masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) weka kubwa. Itapunguza presha na pedeli itakuwa ngumu zaidi, ila inapunguza mbele na nyuma kwa pamoja, uwiano unabaki pale pale. Dawa ni kurudisha mzani, ama ulete nyuma kalipa na diski zinazoendana na hizi, ama uweke mbele kalipa zenye pistoni ndogo zaidi kwenye diski hiyo hiyo kubwa. Pedi za kawaida mbele zitasaidia kidogo. Na hiyo ABS itengenezwe wiki hii, uwezekano mkubwa waya wa sensa umekatika au umeachwa wazi wakati wa kufunga, fundi anayesema haina shida usimsikilize.

Dada wa Hailaksi

Naongezea kwa wenye pikapu. Ya kwangu niliinua springi za nyuma nikaanza kuona hali hii hii bila kugusa breki, kumbe nyuma kuna valvu inayosoma mzigo kwa kijiti kilichounganishwa na ekseli, ukiinua bodi yenyewe inajua gari halina mzigo inapunguza presha ya nyuma. Tulirekebisha kile kijiti ikarudi vizuri. Na jamani msiende kinyume mkaipa nyuma nyingi mpaka ianze kujifunga yenyewe kwanza, hapo gari inageuka kisogo mbele na huna la kufanya. Mbele kutangulia kidogo ndiyo salama, shida ya kaka hapa ni kwamba imetangulia mno.

spana17

Nimeelewa mzee, kuhusu valvu nimefuta kauli. Kumbe hata mimi nilifungiwa hivyo, kesho naenda kuitoa.

Wa_Kihonda

Mrejesho wakuu. Tumeinua nyuma, tairi ya kulia ikashika vizuri, ya kushoto mtu kakanyaga naizungusha kwa mkono bila shida! Tumefungua tukakuta pini za kalipa zimeganda kwa kutu, pedi ya ndani imeisha na ya nje iko kama imetoka dukani. Kwa hiyo nyuma nilikuwa natembelea breki moja na sijui ni tangu lini. Tumesafisha pini, grisi yake sahihi, pedi mpya pande zote mbili, mafuta ya breki mapya na kutoa upepo gurudumu zote nne. Sensa ya ABS mbele kulia waya ulikuwa umekatika kweli, umeungwa na taa imezima.

Nikatoa fyuzi ya ABS nikajaribu uwanjani, mdogo wangu kasimama pembeni anaangalia tairi. Pakavu mbele bado zinatangulia ila si kama mwanzo, tukamwaga maji zikajifunga mapema tena. Fyuzi nimerudisha lakini sitaki ABS iwe ndiyo inanibebea kosa la kufunga vitu visivyoendana, familia yangu inapanda hili gari.

Nimerudisha kalipa na diski za zamani mbele, pedi mpya nzuri, na Jumamosi nimeshuka Kitonga kwa gia ndogo, nakanyaga naachia badala ya kushikilia muda wote, nimefika chini pedeli iko sawa na hakuna harufu. Zile kubwa nimezifunga kwenye gunia stoo mpaka nipate za nyuma za kuendana nazo. Mzee wa Diski nikipata nitaleta vipimo hapa kabla sijalipa hela.

Mzee wa Diski

Lete. Na ukikuta kalipa ya nyuma sokoni njoo na kipenyo cha pistoni, unene wa diski, na kama breki ya mkono iko ndani ya diski au kwenye kalipa, maana hapo ndipo wengi wanakwama.