Brokateli, damaski au mahameli kwa makochi? (Tanga)

MkaziWaChumbageni
Wakuu, habari za leo. Makochi ya mama yamechakaa kitambaa, mbao bado ni mninga mzima. Nataka kuyavika upya kabla ya Idi. Dukani nimeonyeshwa mahameli, damaski na kimoja kizito chenye maua yaliyotuna, muuzaji anakiita brokateli. Bei yake imenishtua. Kina nini cha ziada?

FundiSponji
Mkuu, geuza nyuma uangalie. Damaski maua yamelala, unayaona kwa mng'ao tu, na upande wa pili ua ni lile lile ila mng'ao umebadilishana nafasi. Brokateli ina mitande (nyuzi za urefu) miwili na mishindio (nyuzi za kukatisha) isiyopungua miwili. Mshindio mmoja ni mnene, kwa asili wa kitani, unajaza chini ya ua, na hariri iliyofumwa kiatlasi, yaani laini ya kung'aa, inasukumwa juu. Ndipo ua linatuna. Waitalia wa zamani waliitundika ukutani na kushonea majoho ya kanisani. Siku hizi nyingi ni pamba, rayoni au poliesta, kwa hiyo uliza kabla hujalipa bei ya hariri.

BintiRaskazoni
Fundi kasema kweli, ila inaonekana hafugi paka 😂 Zile nyuzi za juu zinanasa kucha, pete, hata zipu ya mtoto. Na hariri haipatani na jua, kochi la dirishani litapauka mgongo. Mahameli bila AC, Februari ya hapa? Utakaa umelowa jasho.

Mzee_wa_Ngamiani
Wanangu, masika mmeyasahau. Kitani na pamba hushika unyevu, nyuma ya kochi lililobanwa ukutani ukungu hauchelewi. Tena brokateli ya kitani na hariri msiitie kwenye beseni: nyuzi hizo hazirudi kwa kipimo kimoja, kitambaa kitajikunja kunja.

FundiSponji
Shikamoo mzee, hapo umenena. Jingine ni mchoro: ua kubwa lazima likae katikati ya kila mto, vipande vingi vinatupwa. Mteja anapima mita kama za kitambaa cha rangi moja, halafu ugomvi unaishia kwa fundi.

MkaziWaChumbageni
Shikamoo zote zimfikie mzee 😀 Mama kaamua: damaski ya pamba na poliesta kwenye makochi, brokateli mito miwili ya kuegemea tu.

BintiRaskazoni
Mito ya wageni hiyo. Watoto wasiisogelee.