Wauza spea wa Tanga, hiyo mnayoiita "seti ya klachi" ni nusu seti!

Wakuu, hii tabia ya maduka ya spea hapa mjini imezidi. Ukiomba seti ya klachi ya pikipiki unapewa mfuko wenye pleti za msuguano peke yake. Springi hamna, pleti za chuma hamna, gasketi ya kava hamna. Ukihoji unajibiwa, "Za zamani zinafaa tu hizo, kaka." Zinafaa kwa nani? Boda anayetoka Muheza kupanda Amani na abiria na gunia hamalizi mwezi, pikipiki inaunguruma haiendi. Akirudi dukani anaambiwa hajui kuendesha, anashikilia klachi.

Springi iliyopigwa na joto inafupika. Isimamishe kando ya mpya utaona. Ikishafupika haibani, na pleti mpya zikiteleza zinaungua kama zile ulizotupa. Ndiyo maana springi zinabadilishwa zote kwa mpigo, ziwe 4 au 6.

Pleti za chuma nazo zina kesi yake. Zilizogeuka bluu zimeshaungua, hazina mjadala. Nyingine kwa macho huoni kitu, lakini ilaze juu ya kioo cha dirisha upitishe fila (kile kipande chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.2 pembeni. Ikipenya, imepinda, tupa. Hiyo ndiyo inayofanya gia zigome na nyutro isipatikane hata ukiibana klachi yote.

Na mtu akija kaunta na venia, kile kipimo cha unene, msinune. Kwenye injini za muundo wa Honda CG125 pleti mpya ina unene wa karibu milimita 3, ikishuka hadi 2.6 ni ya kutupa. Yenye 2.7 ikiwa bado ndani ya nailoni ni mpya ya wapi?

Mafundi nanyi msijifiche nyuma ya wauzaji. Pleti mnazifunga kavu kama biskuti! Zilowekeni kwenye oili safi ya injini, ikiwezekana usiku kucha. Zikizungushwa kavu uso unaungua na kung'aa, na pleti inayong'aa haishiki tena. Gasketi ya zamani mnaikwangua kwa tindo mpaka aluminiamu inachimbika, halafu mnafukia shimo kwa silikoni. Ziada inabanduka ndani inaenda kuziba chujio la oili. Na kwenye hizo CG, kava likiwa wazi, kile kikombe cha chujio kwenye ncha ya krenki kimejaa tope na hakuna anayekigusa.

Vidole vya hauzingi, ile ngoma inayobeba pleti, vikiwa na makovu, pleti zinanasa. Makovu madogo sawazisha kwa tupa, yenye kina badilisha hauzingi. Boliti za springi ni za milimita 6 tu, zinaingia kwenye aluminiamu: kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, mwisho kama Nm 10 (nyutoni mita, kwa spana ya kupimia nguvu). Anayezitia nguvu zote anang'oa nyuzi, kisha anakaa kimya.

Halafu kazi yote hiyo inamiminiwa oili ya gari, ile ya kupunguza ulaji wa mafuta! Klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na viambato vyake vya utelezi vinaimaliza. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya kuogelea. Waya nao uachie mkono wa klachi ucheze milimita 10 hadi 20 kwenye ncha.

Duka la Ngamiani au Chumbageni lenye seti kamili, linalokubali mtu apime kabla ya kulipa, litajeni hapa.